Weka hiyo simu chini ukakae na bibi yako

Mkuu, unauliza kama Epicurus, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikuwa sahihi kwamba kifo si kitu kwetu, kama hamu ya kuishi milele ni ushahidi kuwa roho ipo, halafu mwishoni, kana kwamba ni kajambo kadogo, unauliza ununue maiki gani umrekodi bibi yako wa miaka 88 ili baadaye programu iongee kwa sauti yake. Usinunue kitu! Nisikilize mimi niliyeungua.

2019 baba aliugua ini. Wakati huo nilikuwa kwenye darasa la WhatsApp la bwana mmoja aliyejiita mwanafalsafa, shilingi 80,000 kwa mwezi, na somo lake lilikuwa moja tu: hifadhi fikra za mzee wako, umemshinda Izraili. Bado ananidai ada ya mwezi mmoja. Aje aichukue, nipo.

Nikapanda basi hadi Korogwe na kile kishikio cha simu cha miguu mitatu, maiki ya kubana kwenye kola na maswali 120 yaliyochapwa. Mia na ishirini! Hata polisi hawamuulizi mwizi hivyo. Kila asubuhi namkalisha mzee barazani, namuuliza: "Baba, maana ya maisha ni nini?" Mtu kakata mkonge miaka 30. Ananitazama, ananiuliza kama nimeshakunywa chai.

Siku ya tisa akaanza mwenyewe, hajaulizwa. Habari za mdogo wake, yule baba mdogo ambaye kwetu hatajwi, aliondoka 1974 hakurudi. "Siku ile mimi ndiye niliyempeleka stesheni. Akaniambia..." Jogoo akawika. Nikainua mkono, mimi huyu huyu: "Samahani baba, subiri, jogoo kaharibu sauti. Tuanze upya." Kutazama kioo, simu inasema nafasi imejaa. Nikaingia ndani kufuta picha za harusi ya shemeji, dakika kama kumi hivi. Narudi, mzee kajifunika shuka miguuni.

"Tulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Kwa baba mdogo, stesheni."

"Aa. Hayo ya zamani tu."

Sikumbembeleza, maana lilikuwa limebaki swali la 64. Siku 17 baadaye tukamzika.

Nina saa 31 za sauti, na anayesikika humo ni mimi. Baba ni "ndiyo", "sijui" na kikohozi. Ukitengeneza mashine kwa hizo utapata mzee wa kukuuliza kama umekunywa chai. Basi.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliandika kwamba kwa Waafrika marehemu anabaki hai kwa namna yake maadamu wapo waliomjua na kumtaja kwa jina; wa mwisho wao akiondoka, naye anatoka kwenye Sasa anazama kwenye Zamani. Mimi nilikuwa nahangaika kumbakiza baba kwenye Sasa kwa betri na waya. Kumbe baba ndiye alikuwa wa mwisho kumjua mdogo wake, na alikuwa ananikabidhi. Nikamwambia aanze upya.

Na huyo Epicurus wako, hoja yake ni kwamba tukiwepo kifo hakipo, kikija sisi hatupo. Sawa, inamfaa anayekufa. Anayebaki na stesheni isiyo na mwisho inamsaidia nini? Tena yeye mwenyewe alipokuwa anakufa kwa mawe ya figo, mwaka 270 KK, alimwandikia rafiki yake kwamba maumivu ni makali mno ila anayapoza kwa furaha ya kukumbuka mazungumzo yao. Mazungumzo, mkuu, si mahojiano.

La roho watakujibu wengine. Wewe nenda kwa bibi mikono mitupu, na akianza kusimulia, hata nyumba ikiungua usimkatize.

Yule jogoo tulimchinja kwenye arobaini ya mzee. Nyama ngumu kama soli.