Kabla Hujachomwa Sindano ya Plazima Kwenye Kano

Nilianza kutafuta sindano mwezi wa nane wa maumivu. Kila asubuhi nikitia mguu chini, hatua kumi za kwanza nilizipiga nikishika ukuta. Kano ya nyuma ya kisigino ilikuwa imefanya kinundu katikati, nikiiminya kwa vidole viwili machozi yananilengalenga. Mbio nilishaziacha. Ndipo nikasikia habari za PRP, yaani hiyo sindano ya plazima: unatolewa damu yako mwenyewe, inachujwa, unarudishiwa palipoumia.

Nilitolewa damu mkononi, nyingi kidogo kuliko ile ya vipimo vya kawaida, ikatiwa kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Ilipotoka ilikuwa imejitenga: nyekundu chini, utando mwembamba mweupe katikati, juu maji ya manjano. Hayo ya manjano ndiyo plazima, na humo hukusanywa chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata. Chembe hizo hutoa kemikali zinazochochea mwili kujitengeneza, na kwa kuwa kano hupata damu kidogo na hupona polepole, wazo la kuzipeleka pale pale linaeleweka. Daktari aliichoma huku akiangalia kano kwenye ultrasaundi. Hilo lidai na wewe, usikubali kuchomwa kwa kukisia.

Siku tatu zilizofuata niliumia kuliko kabla ya sindano. Hakuna aliyenionya kwamba hali hiyo ni ya kawaida, wala kwamba madaktari wengi hukataza ibuprofeni na diklofenaki siku kadhaa kabla na baada ya sindano, kwa sababu zinaweza kuzuia kazi ya chembe sahani. Mimi usiku ule ule nilimeza diklofenaki. Uliza mapema utumie dawa gani ya maumivu.

Lakini kosa lililoniumiza zaidi ni kuacha mazoezi mwezi mzima nikisubiri plazima ifanye kazi. Laiti ningesoma kwanza. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichukua wagonjwa 54 wa kisigino kama changu, wengine wakachomwa plazima, wengine maji ya chumvi tu, na wote wakafanya mazoezi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Mwaka 2021 Uingereza walirudia swali hilo kwa watu 240, wakilinganisha plazima na sindano ya kuigiza isiyotia kitu ndani ya kano, na baada ya miezi 6 tofauti haikuonekana. Kwa kano za kiwiko majibu ya tafiti yanapingana, kwa hiyo usibebe matokeo ya kano moja ukayapachika kwenye nyingine.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinisimamisha ukingoni mwa ngazi, vidole juu, visigino hewani. Unapanda kwa miguu yote miwili, kisha unashuka polepole kwa ule unaouma. Mara 15, seti 3, goti limenyooka. Halafu tena goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Wiki mbili za mwanzo kano iliniwaka, naye akaniambia maumivu yanayovumilika ni ruhusa, yanayoongezeka kila siku ni dalili ya kupunguza. Kufikia wiki ya tisa niliacha kushika ukuta.

Kama bado hujamaliza wiki hizo 12, weka pesa ya sindano kando uanze na ngazi. Kama umezimaliza kwa uaminifu na bado unaumia, nenda kwa daktari na maswali mawili: tafiti za kano yangu hii zinasemaje, na nani atasimamia mazoezi yangu baada ya sindano?