Niungishe, sio nikopeshe

SWALI: Shangazi shkamoo. Mi nipo Moshi, nina fremu ya vitenge na kanga karibu na Soko la Kati, mwaka wa tatu sasa. Zamani Jumamosi nilikua nakosa hata muda wa kula, siku hizi inafika saa kumi sijaungishwa hata doti moja. Majirani wawili wameshafunga, mmoja kahamia Majengo, mwingine anauzia nyumbani kwa status ya WhatsApp. Kila mtu anasema tuunge mkono biashara za mjini kwetu, ila wakija wanataka niwakopeshe. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mwezi ujao. Nihame au nikomae? (Mama Vitenge, Moshi)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Kabla ya kodi naomba tuongelee hilo daftari la madeni maana naliona tu hata hujalitaja. Mtu akichukua kitenge cha kulipa mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi apite njia ya kule nyuma ili usimuone, huyo hajakuungisha, amekula mtaji wako na mteja umempoteza pia kwa sababu anakuona aibu. Rafiki wa kweli wa duka analipa bei kamili na cash, au anatuma kwa simu hapo hapo. Nawaambia na nyie wasomaji, mnaolia mji umelala huku kitenge mnaagiza Kariakoo mkatumiwe kwa basi, afu mkifika dukani kwa mwenzenu mnaomba punguzo la undugu!

Sasa kwa bei Kariakoo humuwezi, usijisumbue, mzigo wako si unatoka huko huko. Ila yule wa kwenye simu hawezi kumshikisha mteja kitambaa ajue hii ni pamba au ni polista, na hana fundi pembeni. Hapo ndo pako. Moshi mafundi cherehani wa barazani wapo toka enzi na enzi, tafuta mmoja mwenye mkono mzuri na asiye muongo wa tarehe (najua, wa aina hiyo ni wachache), mpe nafasi mlangoni kwako, mteja anunue kitenge apimwe hapo hapo. Akija kuchukua nguo ni safari ya pili mjini, atakunywa chai kwa mama wa jirani, atapeleka kiatu kwa fundi viatu, na wao wakipata mteja wanamwelekeza kwako. Mji unachangamka hivo, sio kwa bango.

Usisahau Desemba. Wachaga wote wanapanda nyumbani na kila ukoo siku hizi unataka sare ya Krismasi, sasa wewe ukisubiri tarehe 20 ndo uweke mzigo utakuta washashonewa Dar. Anza Oktoba, watumie picha kwenye magrupu ya familia, watume vipimo na nusu ya hela, nguo wazikute Moshi. Watalii wanaolala mjini kabla na baada ya kupanda mlima wakija ni heri, ila usiweke kodi ya nyumba mikononi mwao.

Kuhama Majengo sikukatazi, ila jiulize kwanza kama wateja wako wanakaa Majengo au ni wale wanaoshuka na daladala za Kibosho, Machame na Marangu. Kama ni hao wa vijijini, wao wakishuka wanashuka mjini, na jua likizama wanataka wawe wameshapanda gari, kwahiyo kukaa wazi mpaka saa tatu usiku hakukusaidii kitu, bora ufungue mapema asubuhi.

Mwenye nyumba mfuate kabla hajakufuata. Mwambie ukweli kwamba fremu mbili pembeni zimefungwa, ya tatu ikifungwa nani atapita hapo? Omba kulipa miezi mitatu mitatu, na mwandikishane. Ulizeni pia ile kodi ya serikali ya asilimia 10 kwenye pango, inaitwa kodi ya zuio, maana wewe mpangaji ndo unaikata kwenye hela ya pango na kuipeleka TRA, wengi wanagombana hapo kwa sababu hawakuelewana mwanzo nani anaibeba.

Akikubali mitatu, komaa mpaka Januari. Akikataa, chukua vitenge vyako na huyo fundi mwende wote.