Kugeuza lori la rimoti la 6x4 kuwa 6x6: pima gia kabla ya kufunga ekseli

Swali ni hili: lori la rimoti la kipimo cha 1:14, linalosukumwa na ekseli mbili za nyuma, linageuka 6x6 (magurudumu yote sita yanasukuma) kwa kufunga tu ekseli ya mbele yenye difu, yaani gia zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa mwendo tofauti? Hapana. Hiyo ekseli ndiyo kazi nyepesi. Kinachoua haya magari ni uwiano wa gia na upande zinakozunguka shafti, na vyote viwili unavipima mezani kabla hujalegeza skrubu hata moja ya chesisi.

Uwiano kwanza. Krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo ya shafti inayoizungusha) ya mbele lazima itoe hesabu ileile ya nyuma. Usitegemee maandishi ya kwenye boksi. Tia nukta ya rangi kwenye shafti inayoingia kwenye difu. Shika gurudumu la kushoto lisisogee kabisa, kisha zungusha la kulia mizunguko 20 kamili huku ukihesabu ile nukta inapita mara ngapi. Gurudumu moja likishikwa, difu humpa mwenzake mwendo mara mbili, kwa hiyo 20 za gurudumu ni 10 za krauni. Gawa hesabu ya shafti kwa 10. Shafti ikizunguka mara 26, uwiano ni 2.6:1. Rudia kwa kila ekseli.

Mtu akikuambia 2.6 nyuma na 2.8 mbele "zinakaribiana", mkatalie. Magurudumu ya nyuma yakienda mita moja, ya mbele yanataka kwenda kama sentimita 93. Hizo sentimita 7 zinalipwa na tairi, krosi za shafti (viungo vyake vinavyopinda) na mota. Tairi nazo ziwe za kimo kimoja: ya milimita 85 husafiri kama milimita 267 kwa mzunguko, ya milimita 83 husafiri 261. Ukifunga mpya mbele na zilizoisha nyuma, umeharibu uwiano uliouhangaikia.

Sasa mwelekeo, na hapa ndipo wengi hukwama. Ekseli ya mbele ukiigeuza pinioni itazame nyuma, inahitaji shafti izunguke upande uleule wa shafti ya nyuma. Transfa (kasha la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ikitoa mbele na nyuma kwa shafti moja ya chini, huna tatizo. Lori likirudi nyuma badala ya kwenda mbele, badilisha nyaya za mota (hii ni kwa mota ya brashi). Lakini kama nyuma inatoka moja kwa moja kwenye giaboksi na mbele inapitia gia mbili tu, shafti ya mbele itazunguka kinyume na ekseli zitavutana. Hapo unahitaji gia ya tatu katikati, au uhamishe krauni upande wa pili wa pinioni kama kasha la difu linaruhusu.

Shafti fupi ya mbele ndiyo inayopata pembe kali. Macho ya krosi za ncha mbili yakae kwenye mstari mmoja. Ukiyapishanisha kwa nyuzi 90, gari litatetemeka hata barabara ikiwa laini, nawe utalaumu beringi bure. Springi zikibanwa hadi mwisho, shafti ibaki na nafasi ya milimita 3 ya kuingia. Zikining'inia, isikaribie kuchomoka. Pale skrubu isiyo na kichwa inapogusa shafti, chonga bapa kwa tupa, safisha mafuta kwa spiriti, tia tone moja la gundi ya skrubu ya nguvu ya kati. Gundi hiyo isiguse plastiki, huipasua.

Kasha la difu la mbele mara nyingi hugonga chesisi au fimbo ya usukani. Vipande vya alumini vya milimita 3 hadi 5 kati ya springi na ekseli humaliza hilo, ila vinaongeza pembe ya shafti, kwa hiyo rudi uikague. Usukani nao punguza kwenye rimoti hadi krosi za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) zisibane. Kiungo cha kawaida kikipita nyuzi 30 hivi huanza kukata mwendo, na gurudumu linaruka kila nusu mzunguko. Sevo (mota ndogo inayogeuza usukani) ya gia za plastiki haitoshi tena, weka ya gia za chuma.

Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani tairi huteleza kidogo na mambo yanaisha. Sakafuni hakuna pa kuteleza: shafti inajikaza mpaka tairi inaruka au krosi inakatika. Ndiyo maana transfa bora ni ile inayokuwezesha kukata mvuto wa mbele kwa sevo ndogo ya chaneli ya akiba ya rimoti. Difu ya mbele usiikaze kamwe hadi magurudumu yake mawili yazunguke kama kitu kimoja, gari halitapinda.

Kabla ya kuliteremsha, liweke juu ya stendi, gia ya kwanza, mwendo wa chini, alama ya chaki kwenye kila tairi ili uone zinavyozunguka. Pima umeme unaoliwa na mota na ulinganishe na ulivyokuwa kabla. Kuongezeka kidogo ni kawaida, ukiwa maradufu kuna kitu kimebana, na mara nyingi ni krauni iliyosogezwa mno kwa pinioni: ongeza washa ya milimita 0.1 upande unaoisogeza krauni mbali na pinioni, hadi usikie plei (mchezo) ndogo kwa kidole. Baada ya dakika 20 za kwanza fungua difu. Grisi ikiwa na vumbi linalong'aa, osha, paka mpya, kagua skrubu zote za shafti.