Kaseti za nyanya bado zahamishika

Wauliza kama uzitupe kaseti za zamani za nyanya yako? Usizitupe, sauti zake zaingia kompyuta vizuri tu. Watafuta redio kaseti yenye tundu la hedifoni, waya mmoja mpaka tundu la maiki la kompyuta, unarekodi na Audacity, programu ya kurekodi sauti, ni ya bure, ila hakuna njia ya mkato manake C-60, yaani kaseti ya dakika 60, ni saa nzima ukae hapo. Za marehemu babu nilifanya hivo hivo, mpaka adhana ya msikiti wa jirani yasikika nyuma ya sauti yake. Kwanza vunja vile vidude viwili vya plastiki juu ya kaseti usije ukaifuta. Ukiona unga mweupe kwa utepe ni kuvu, na unyevu huu wetu wa Mombasa si ajabu, usiicheze, mpe fundi. Faili weka WAV, aina isiyominya sauti, ukituma voisi WhatsApp sauti yaminywa.