Mwiritsa Nyuma ya Jikoni

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Shinyalu. Nyuma ya jikoni langu kuna mti mkubwa wa mwiritsa (kwa jina la kitaalamu Prunus africana) ulioachwa na marehemu baba mkwe. Kijana wangu wa mwisho amefika umri wa kuwa na simba yake, yaani kijumba cha kijana, nami nataka kuukata nimjengee hapo. Fundi wa msumeno nimeshamlipa nusu, na kuna mtu anataka magome. Lakini mwanangu aliye Uingereza amenikataza. Anasema kijijini anakoishi huwezi kugusa hata mti wa uani kwako bila kuiarifu halmashauri wiki 6 mapema. Hata huku kuna sheria kama hiyo? Shamba si langu?
Mama wa Shinyalu

JIBU: Mama, mpigie fundi simu leo umwambie asije kwanza.

Mwanao hakukudanganya. Kule, kwenye vijiji vilivyotengwa kuhifadhiwa, mti ukishapita unene wa milimita 75 kwenye kimo cha mita 1.5, taarifa lazima itangulie. Kwetu Kenya mambo huenda kwa njia nyingine. Sheria ya misitu ya 2016 inampa Rais uwezo wa kutangaza mti, au aina nzima ya miti, kuwa chini ya ulinzi. Hata kabla ya sheria hiyo, kuvuna msandali kulipigwa marufuku mwaka 2007 kwa tangazo la Rais.

Hakikisha kwanza ni mwiritsa kweli. Chuma jani, lifikiche kiganjani, unuse: litanukia lozi. Kikonyo chake kina wekundu, na gome la mti mzee ni jeusi, limepasuka vipande vipande. Nilifanya kazi ya misitu miaka mingi huko Kakamega, na hadi leo nanusa jani kabla ya kutaja jina.

Ninayemhofia zaidi ni huyo wa magome. Magome ya mwiritsa hutengenezwa dawa ya tezi dume, na soko lake kubwa liko Ulaya. Tangu 1995, kuyavusha mpaka kunahitaji kibali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mnunuzi anayekuja jioni bila karatasi hatakwambia hayo. Niliwahi kuuona mwiritsa wa mjane mmoja umechunwa kuzunguka shina lote. Ulikauka ukiwa umesimama, na alichokuwa amelipwa hakikumaliza hata mwezi kwa sukari na sabuni. Mpaka sasa naumia nikiukumbuka.

Basi nenda kwa naibu wa chifu na kitambulisho chako na nakala ya hati ya shamba, akuandikie barua. Kama hati bado ina jina la baba mkwe, kaa kwanza na shemeji zako. Kesi nyingi za miti nilizozijua zilianzia hapo. Kisha peleka barua katika ofisi ya KFS, Huduma ya Misitu Kenya, iliyo karibu nawe, uombe afisa aje auone mti ungali umesimama. Akikubali ukatwe, kibali cha kusafirisha mbao kiwe mkononi kabla lori halijapakiwa, la sivyo mbao zako zitalala kizuizini barabarani.

Afisa akija, mwonyeshe pia upande wa pili wa boma. Huenda simba ikaenea huko, na ile nusu uliyomlipa fundi ikatosha kupogoa tu matawi yanayoegemea paa la jikoni.