Sumu ya Panya, Dawa ya Kupe na Mbwa Wako: Majibu kwa Wasomaji

Mvua zikishika, panya huingia nyumbani na kupe huzidi uani, na watu wengi Nairobi hununua sumu. Barua nyingi tulizopata zinahusu mbwa aliyeifikia kabla ya panya.

Swali: Habari za kazi, madaktari. Jirani alitega sumu ya panya nyuma ya nyumba. Jana jioni nilimkuta mbwa wangu akitafuna kifuko chake. Nilimpa maziwa nusu lita, na leo anakula na kukimbia kama kawaida. Naweza kutulia? (Msomaji, Umoja)

Jibu: Usitulie, ndugu. Kuna sumu ya panya inayomwacha mbwa aonekane mzima kabisa kwa siku 3 hadi 5, kisha anaanza kuvuja damu. Nenda kwa jirani sasa hivi uchukue kifuko hicho, hata kama kimebaki kipande, kisha upeleke mbwa na kifuko kwa daktari leo hii.

Vipande au punje za rangi ya buluu, kijani au waridi kwa kawaida huwa na brodifakumu au bromadioloni. Kemikali hizi huzuia ini kuitumia tena vitamini K, na bila vitamini hiyo damu haigandi. Akiba iliyomo mwilini humfikisha siku chache, ndiyo maana unamwona akicheza. Ikiisha, fizi zinapauka, anahema, anakohoa, anachoka, na kifua chake kinaweza kujaa damu bila wewe kuona tone nje. Hii ina dawa: vitamini K1 kila siku, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa wiki 3 hadi 4. Saa 48 baada ya kidonge cha mwisho, damu ipimwe kama inaganda, kwa sababu sumu hizi hukaa kwenye ini muda mrefu. Sukuma wiki ina vitamini K lakini haitoshi hata kidogo, na vitamini K3 inayotiwa kwenye vyakula vya kuku haifai hapa.

Unga wa kijivu unaoelekea weusi, wenye harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, ni zinki fosfidi. Huu hauna dawa ya kuupinga. Ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, na chakula huongeza asidi, kwa hiyo mbwa aliyeula asilishwe chochote. Ukimpeleka kwa gari, fungua madirisha yote. Akitapika humo, gesi hiyo itakudhuru wewe pia.

Inayotutia hofu kuliko zote ni ile ya vichupa na vikaratasi visivyo na lebo vinavyouzwa barabarani. Ndani yake kunaweza kuwa na dawa kali ya wadudu wa shambani, ya jamii ya kabamati au oganofosfati. Hiyo haingoji siku. Ndani ya dakika au saa chache mbwa anatokwa na mate na machozi, anajikojolea, anahara, mboni zinakuwa nukta, misuli inatetemeka na pumzi inakuwa ya shida. Daktari hutumia atropini, na kila dakika ya foleni barabarani inamgharimu mbwa. Mwambie jirani wako anunue dawa yenye jina la kemikali na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu na panya, na aitege ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye tundu la kupita panya tu.

Maziwa hayavunji sumu yoyote kati ya hizi. Yanakupa matumaini tu, na saa zinapita.

Swali: Kwetu tunajua maji ya chumvi humtapisha mbwa, na mkaa uliopondwa hufyonza sumu. Kipimo ni kipi? (Msomaji, Githurai)

Jibu: Chumvi haina kipimo salama. Ikizidi kwenye damu huvuta maji kutoka kwenye ubongo, mbwa anapata degedege, na anaweza kufa kwa chumvi yenyewe kabla ya sumu. Tafadhali acheni. Mkaa wa jikoni nao si mkaa wa hospitali. Ule wa tiba hutengenezwa uwe na vitundu vidogo vingi mno vya kunasa sumu, na hutolewa gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mbwa.

Kutapisha ni uamuzi wa daktari, na kwa kawaida hufaa ndani ya saa moja au mbili tu. Mbwa aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya kuzibua mabomba asitapishwe, wala anayetetemeka au kusinzia. La kufanya nyumbani ni kujua uzito wa mbwa wako na kuwa na namba ya kliniki inayofunguliwa usiku. Tafuta namba hiyo leo, na upige simu kabla ya kuondoka ili wajue unaleta nini.

Swali: Nafuga ng'ombe wawili. Nikiwanyunyizia dawa ya kupe, mbwa naye humpaka iliyobaki. Safari hii nilimpaka moja kwa moja kutoka chupani kwa sababu kupe wa masikioni walikuwa wengi. Amelala tangu mchana, haamki vizuri. (Mzee wa Ruai)

Jibu: Mzee, mwoshe sasa hivi kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, ukiwa umevaa glavu. Mkaushe, mfunike asipoe, umpeleke kwa daktari pamoja na chupa.

Chupa ni muhimu kama mbwa mwenyewe. Dawa nyingi za ng'ombe zina amitrazi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo, hushusha joto la mwili na kupandisha sukari. Inapingwa kwa yohimbini au atipamezoli. Nyingine zina klofenvinfosi, ambayo hupingwa kwa atropini, na atropini hiyohiyo inaweza kumzidishia matatizo mbwa wa amitrazi. Asipoona lebo, daktari atakisia.

Hesabu yenyewe ni hii: amitrazi ya asilimia 12.5, mililita 2 katika lita 1 ya maji, hutoa asilimia 0.025, kiwango kinachotumika kwa mbwa. Aliyepakwa kutoka chupani amepata mara 500 ya hapo. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi 4 wasiipakwe kabisa. Ushauri wetu ni ununue dawa iliyoandikwa kuwa ya mbwa, ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe.

Swali: Mahindi yaliyoota kuvu huuzwa rahisi. Nikiupika sana ugali wa mbwa, sumu si inakufa? (Msomaji, Kawangware)

Jibu: Haifi, dada. Aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu hiyo, hustahimili moto wa sufuria. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui, na hao walikula chakula kilichopikwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi. Ini linaharibika polepole, pengine kwa wiki nyingi, hadi siku anapokataa chakula, anatapika, macho na fizi vinageuka manjano na kinyesi kinakuwa cheusi. Wengi hufikishwa kwetu hapo, na hapo tunachoweza kufanya ni kidogo. Kuchambua punje mbovu hakutoshi. Na usimhamishie ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hiyo hupita kwenye maziwa.

Swali: Mbwa anachechemea. Nimpe Brufen? (Msomaji, Donholm)

Jibu: Hapana. Kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo 10 ni miligramu 40 kwa kilo, na vidonda vya tumbo huanza kwenye 25. Diklofenaki ni ya jamii hiyohiyo. Vidonge viwili vya paracetamol kwa mbwa huyo vinafikia miligramu 100 kwa kilo, kiwango kinachoanza kudhuru ini.

Swali: Avokado zinaanguka uani na mbwa anazila. Je, ni sumu? (Msomaji, Kikuyu)

Jibu: Nyama ya avokado humsumbua mbwa mara chache. Okota kokwa, kwa sababu ndizo huziba utumbo. Kama una mmakadamia, okota na makadamia zake: humlegeza miguu ya nyuma na kumtetemesha, ingawa kwa kawaida hupona ndani ya saa 48. Zabibu, mbichi au kavu, na ukwaju ni hatari zaidi, maana huweza kuua figo.

Swali: Tuna kichaka ambacho maua yake huchanua zambarau kisha hugeuka meupe. Mbwa mdogo alikula mbegu zake, sasa amekakamaa miguu. (Msomaji, Lavington)

Jibu: Maelezo yako yanafanana na Brunfelsia, ambayo mbegu zake huleta degedege. Mbebe sasa hivi hadi kwa daktari, katika giza na utulivu, kwa sababu kelele na kushikwashikwa humzidishia. Chukua kitawi chenye ua. Mtunza bustani aulizwe pia kama alimwaga punje za kuua konokono, kwani metaldehaidi iliyomo huleta dalili zinazofanana sana na hizi, pamoja na joto kali la mwili, na daktari atataka kujua kabla ya kuanza.