Kayaki au mtumbwi: anza na kilo zako

Karibu kila anayeniuliza anunue chombo gani huanza na bei. Mimi humrudishia maswali mawili: una kilo ngapi, na utapita maji ya namna gani? Nimepiga kafi miaka mingi, kwenye mikoko ya Kunduchi, Dar es Salaam, kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya, na Pangani kwa mjomba wangu aliyekuwa mvuvi wa mshipi. Nimeona vyombo vya gharama vikipauka uani juu ya matofali kwa sababu tu havikulingana na mwili wa mwenyewe. Huwa naumia, maana mtu yule angeipenda bahari kama angeanza na chombo kinachomfaa.

Waliobuni kayaki walilijua hili mapema. Kwa desturi ya Wainuit, wenyeji wa asili wa Greenland kwenye baridi ya kaskazini, kayaki ilijengwa kwa vipimo vya mwili wa mwindaji atakayeitumia. Urefu ulikuwa kama pima tatu za mikono yake, upana wa pale pa kukalia ni nyonga zake ukiongeza ngumi mbili, na kina ni ngumi moja na dole gumba lililosimama. Baada ya hapo ndipo fremu ya mbao ilivikwa ngozi ya sili. Hata kwetu pwani fundi mzuri hafanyi kwa kubahatisha. Mjomba alipoagiza mtumbwi wake wa mwembe, fundi aliweka chini tezo lake la kuchongea, akamketisha mchangani miguu imekunjwa, akampima mapaja kwa shibiri, kisha ndipo akaendelea kuchimba gogo. Kayaki ya plastiki imetoka kiwandani, haikujui wala hujaizoea, kwa hiyo kazi ya kupima inabaki kwako.

Sasa tuje kwenye kilo. Kayaki nyingi za kiwandani huja na kiwango cha juu cha mzigo, mara nyingi kwenye kibandiko karibu na kiti. Usikichukulie kama mahali pa kufika. Ikiandikwa kilo 120, ujue ukifika hapo chombo bado kinaelea, lakini hakiendi vizuri tena. Mimi huchukua asilimia 70 ya kiwango hicho na kuishia hapo. Tuseme una kilo 88, maji ya kunywa lita 5, sanduku la barafu na samaki kilo 10, jaketi okozi na vikorokoro vingine kilo 3. Jumla ni kilo 106. Gawanya kwa 0.7, unapata kama 151. Wewe tafuta kayaki inayobeba kilo 150 kwenda juu, hata kama ile ya 120 ni nzuri zaidi kwa macho na muuzaji anakuapia itakufaa.

Rafiki yangu mmoja mwenye mwili mkubwa alipewa kayaki ndogo ya kukodi. Alipoketi tu, maji yalipanda kupitia yale matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya kiti, yakafanya kidimbwi kilichomlowesha mpaka mapajani. Tezi, yaani nyuma ya chombo, ilizama, omo, yaani mbele, ikanyanyuka, na kila alipopiga kafi chombo kilizunguka badala ya kwenda mbele. Alikata tamaa, akaniambia mchezo huu si wa watu wanene. Tukambadilishia nyingine ya karibu mita 4, pana zaidi, na asubuhi ileile akawa anakwenda moja kwa moja bila kuhangaika. Wanene, nawasihi msikubali kuambiwa kwamba hamuwezi. Ulizeni kwanza chombo kinabeba kilo ngapi.

Kwa mtu mwepesi tatizo ni la upande wa pili. Kilo 48 ndani ya kayaki kubwa hazitoshi kuikalisha majini, kwa hiyo inaelea juujuu na upepo unaisukuma unapotaka. Mikono nayo inagonga kingo kila anapovuta kafi, mpaka ngozi inachubuka. Wanawake wengi na vijana hupewa vyombo vya aina hii kwa kuambiwa kwamba kikubwa ndicho salama.

Urefu na upana uchague kwa kufuata maji yako. Kwenye mikoko, ambako unapinda kona kila mara na matawi yanakuparuza kichwa, mita 2.7 hadi 3.3 zinatosha. Anayetaka kuvuka kwenda kisiwani atafute zaidi ya mita 4, kwa kuwa chombo kirefu hushika njia na hakikuchoshi. Upana wa sentimita 75 hadi 85 hukupa utulivu tangu unapoketi, na huo ndio wa kuvulia samaki au kubebea mtoto. Kayaki nyembamba ya sentimita 60 hivi humtia mgeni hofu kwa kutikisika, ingawa anayeizoea huona inavyopita vizuri kwenye mawimbi ya ubavuni. Kwa upepo wa kusi wa kuanzia Juni hadi Agosti, ningependa iwe na usukani au pezi la chini. Upepo wa ubavuni hukugeuza omo, na bila pezi utapiga kafi upande mmoja mpaka bega liume.

Kuhusu ya kukalia juu au ya kuingiza miguu ndani, kwa pwani yetu sina kigugumizi: nunua ya kukalia juu. Ile ya kuingia ndani ilitengenezewa bahari za baridi kali, ambako mwili unahitaji kufunikwa. Bahari yetu ni ya joto mwaka mzima. Ya kukalia juu ikipinduka unaigeuza na kupanda tena, maji yanatoka yenyewe. Ile nyingine ikijaa maji katikati ya mkondo, ukiwa peke yako na hukufundishwa namna ya kuirudia, uko hatarini kwelikweli.

Mtumbwi usiudharau. Kwa mvuvi wa mtoni, au kwenye hori lililotulia, mtumbwi wa mti mmoja bado ni chombo cha maana, na fundi wa kuurekebisha yuko hapohapo kijijini. Uzito ndio mtihani wake: kuuteremsha majini unahitaji watu au magogo ya kuuviringishia, na bila matengo, yale magogo ya ubavuni ya kuuzuia usipinduke, hulala upande kwa urahisi. Ngalawa ina matengo pande zote mbili, ina tanga, na inastahimili bahari iliyochafuka kidogo, lakini si ya mtu mmoja anayetaka matembezi ya jioni. Ukinunua mtumbwi uliotumika, gonga chini yake kwa kifundo cha kidole toka omo hadi tezi. Mbao nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Angalia vitundu vya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na muulize mwenye chombo mara ya mwisho alikipandisha lini akakichoma chini kwa moto wa makuti ili kuwaua.

Kayaki iliyotumika nayo ina mambo yake. Nyingi nilizoziona zikiuzwa zilikaa juani miaka kwenye fukwe za hoteli. Bonyeza plastiki kwa dole gumba: ikibonyea na kurudi ni nzima, ikitoa mlio mkavu na rangi ikabaki kidoleni kama chokaa, jua limeshaimaliza. Igeuze uone sehemu ya chini upande wa tezi, ndipo inapoburutwa mchangani na ndipo inapotoboka kwanza. Nyufa za kwenye yale matundu ya maji ni mbaya kuliko zote kwa sababu ni ngumu kuziba. Mimina ndoo moja ya maji ndani, uangalie kwa chini panapovuja.

Miguu isisahaulike. Mrefu wa mita 1.85 akikaa magoti yamepanda kifuani, kiuno kitamuuma kabla hajafika popote. Mfupi asiyefikia vikanyagio hana pa kujikazia, nguvu zake zinapotea. Kafi la pande mbili nalo lina kipimo: mfupi mwenye kayaki nyembamba sentimita 210 hadi 220, mrefu mwenye kayaki pana 230 hadi 240. Kafi fupi kwenye chombo kipana hukulazimisha kuinama upande, na mgongo ndio unaolipa.

Halafu kuna usafiri. Kayaki ya mtu mmoja ya kukalia juu huwa na kilo 20 hadi 30, ya wawili hata 40. Maji yakipwa wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, kutoka ulipoegesha mpaka penye maji ni mwendo wa haja, mchangani na kwenye matope. Inyanyue dukani, tembea nayo ng'ambo ya barabara na urudi. Ya mita 4 kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inatokeza nyuma, inahitaji kamba nzuri na kitambaa chekundu, na unalipa kila safari. Ya kupuliza inaingia kwenye begi na inawafaa wanaokaa ghorofani, mradi iwe ya maji tulivu tu, mbali na chaza na mawe makali. Ya watu wawili inunueni kama kweli mko wawili. Ukiwa peke yako nyuma, omo inanyanyuka na upepo unaicheza, isipokuwa ile yenye kiti cha katikati.

Kabla hujatoa pesa, omba kuijaribu majini. Chagua siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, asubuhi kabla upepo haujaamka, kwenye maji ya kiuno, na mtu wa pili asimame karibu. Vaa jaketi okozi. Kaa na mzigo uleule utakaokuwa nao, ndoo ya maji inatosha kuwa mfano wa samaki. Kisha ipindue makusudi, uigeuze, upande bila msaada. Usipoweza kupanda baada ya kujaribu vya kutosha, mwambie muuzaji akuonyeshe nyingine.